Jumla Imelingana, Watu Hawajalipwa: Kisa cha Karani wa Fildi Tandahimba

Katikati ya msimu wa korosho, benki ilirudisha malipo ya wakulima 17 wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Korosho zao zilikuwa zimepimwa, zimefika ghala kuu, zimeuzwa mnadani na mnunuzi ameshalipa. Wenzao waliopeleka mzigo siku ileile walikuwa wameanza kununua mabati. Wao walipokwenda benki waliambiwa warudi chamani, na chamani walimkuta binti wa miaka 19 mbele ya kompyuta: mwanafunzi wa ngazi ya kwanza ya uhazili na kompyuta, aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo, au fildi kama tunavyosema. Orodha ya malipo aliichapa yeye, kwa hiyo lawama zikamwangukia yeye. Meneja wa chama alipiga simu chuoni akataka binti aondolewe kabla ya mnada unaofuata.

Nafundisha kozi hiyo, nami ndiye niliyetumwa kwenda kusikiliza. Niliomba jambo moja: kabla hajaondolewa, tufuate karatasi za wale 17, mmoja baada ya mwingine, tuone kila moja ilikatikia wapi. Meneja alikubali, na nampongeza kwa hilo, maana nje kulikuwa na watu wenye hasira na jambo rahisi lingekuwa kumpandisha binti kwenye basi la Mtwara mjini. Tulichokikuta ndicho ninachokiandika hapa, kwa ajili ya walimu wenzangu, kwa wanaopokea vijana wa fildi, na kwa vijana wenyewe. Majina ya watu, ya chama na ya chuo nimeyaacha.

Binti na alichofundishwa

Ni mzaliwa wa Newala. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumfikisha kidato cha tano, akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama yake kuuza vitumbua. Aliyemtoa hapo ni mjomba wake. Huku kwetu, kwa Wamakonde na Wamakua, mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, na huyu aliuza sehemu ya korosho zake akalipa ada.

Mafunzo ya ufundi stadi nchini, yanayosimamiwa na VETA, mamlaka ya taifa ya mafunzo hayo, kwa sheria ya mwaka 1994, yana ngazi tatu za tuzo ya taifa. Ngazi ya kwanza ndiyo mlango. Katika fani yetu kijana anajifunza kuchapa kwa vidole vyote bila kutazama kibodi, kupanga barua rasmi yenye Kumb. Na. na tarehe mahali pake, kutengeneza jedwali, kupokea wageni na simu, kutunza mafaili, hesabu za awali za biashara, Kiingereza cha ofisini na ujasiriamali. Si kidogo. Mtu aliyeingia hajawahi kushika kompyuta anatoka anaandika dokezo linalosomeka.

Binti huyu ana ndoto ya kuwa Mwandishi Mwendesha Ofisi serikalini, cheo ambacho wengi bado wanakiita katibu muhtasi. Anajua njia ni ndefu. Matangazo ya ajira ya cheo hicho yanadai stashahada ya uhazili, kufaulu hatimkato, yaani mwandiko wa mkato wa kunakili maneno haraka, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na vyeti vya kompyuta. Njia hiyo wanaipitia wengi wa huku kupitia Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kina kampasi hapa Mtwara. Lakini kati ya cheti cha ngazi ya kwanza na stashahada kuna miaka ya kula na kuvaa. Katika miaka hiyo kijana wa Mtwara au Lindi anaajiriwa steshenari, kwa wakala wa tiketi za mabasi, zahanati binafsi, duka la vifaa vya ujenzi, na ifikapo Oktoba, vyama vya msingi vinavyotafuta makarani wa msimu. Tunapomfundisha kana kwamba anakwenda kukaa nje ya mlango wa mkurugenzi, tunamwandaa kwa kazi ambayo bado haipo mbele yake. Kazi ya kwanza anayoikuta ni meza yenye foleni, na mwisho wa foleni hiyo kuna fedha za watu.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo moyo wa kisa hiki. Katika kila zoezi na kila mtihani wa ngazi hii, kijana anapewa nakala ya kuchapa. Anapimwa kasi, anapimwa makosa. Nakala yenyewe huwa sahihi daima. Mwalimu ameihakiki, ameitoa fotokopi, amegawa. Kijana anajifunza kwamba uaminifu ni kuiga bila kukosea. Ofisini, hasa ofisi ndogo, nakala anayopewa ndiyo yenye mashaka, na hakuna aliyemwambia kwamba kuishuku ni sehemu ya kazi yake.

Karatasi inavyosafiri

Asiyejua korosho hataelewa kosa lilivyopenya, kwa hiyo niieleze njia.

Korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianza hapa mkoani mwaka 2007. Mkulima hauzi kwa mtu binafsi. Anayenunua mlangoni kwa kangomba, kipimo kisicho rasmi, anavunja sheria. Mkulima analeta korosho ghafi kwenye ghala la chama cha msingi. Karani anapima, anaangalia unyevu na daraja, anamwandikia stakabadhi: jina, namba ya mkulima, kilo, daraja, tarehe. Nakala moja inabaki kitabuni. Mizigo ya wakulima wengi inakusanywa, inapakiwa lori moja kwenda ghala kuu kwa hati ya kupeleka mzigo. Mwendesha ghala anapima upya na kutoa stakabadhi ya ghala. Kuanzia hapo, korosho za bibi mmoja zimechanganyika na za kijiji kizima. Kinachomtambulisha bibi ni kile kipande cha karatasi alichoandikiwa siku ya kwanza, basi.

Stakabadhi ya ghala inakwenda chama kikuu, ambacho kwa Tandahimba na Newala ni TANECU, nacho kinaingiza mzigo mnadani. Mnunuzi akishinda na kulipa, fedha zinashuka: chama kikuu, makato na tozo, chama cha msingi. Chama cha msingi kinaandaa orodha ya malipo, mstari mmoja kwa kila mkulima, wenye jina, benki, namba ya akaunti, kilo na shilingi. Orodha inasainiwa na viongozi, inakwenda benki, benki inaingiza kwenye akaunti.

Tazama ilivyo: korosho zinapanda kama mzigo mmoja na fedha zinashuka kama mkupuo mmoja, halafu mwisho kabisa, kwenye meza ya chama cha msingi, mkupuo ule unagawanywa tena kuwa watu. Hatua hiyo ngumu ndiyo aliyopewa mwanafunzi wa fildi.

Ulinzi uliokuwepo ulikuwa jumla. Meneja alimfundisha vizuri: jumla ya kilo kwenye orodha lazima ilingane na stakabadhi ya ghala, na jumla ya shilingi ilingane na fedha zilizoingia. Binti alizijumlisha, zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Meneja akasaini, mwenyekiti akasaini. Wote waliamini orodha ni safi, na kwa kipimo walichokuwa nacho ilikuwa safi. Lakini jumla inalinda fedha, haimlindi mwenye fedha. Ukibadilishana akaunti za watu wawili, jumla haibadiliki. Ukifuta tarakimu moja ya akaunti, jumla haibadiliki. Ukiandika jina ambalo benki hailijui, jumla imetulia vilevile.

Wale 17

Tulikaa barazani na mafaili, leja ya wanachama, vitabu vya stakabadhi na barua ya benki. Tulipomaliza, makosa yalijigawa yenyewe.

Sita yalikuwa ya sifuri. Akaunti za benki moja wanayoitumia wakulima wengi zinaanza na sifuri. Orodha ya msimu uliopita ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyejua, safu ya akaunti ikiwa imewekwa kama maandishi. Mwaka huu wakaja wanachama wapya, binti akafungua ukurasa mpya wa Excel kuwaingiza. Excel ikiachwa ilivyo huichukulia namba kuwa kiasi, na kwenye kiasi sifuri ya mbele haina kazi, hivyo inaiondoa. Nilimuuliza kama hakuona.

“Niliona, mwalimu. Naandika sifuri, nikibonyeza Enta inapotea. Nikafikiri kompyuta inajua, maana hata shuleni tulifundishwa sifuri ya mbele haina thamani.”

“Ulimwambia mtu?”

“Nilimwambia meneja. Akasema, endelea mwanangu, watu wanasubiri.”

Jibu hilo la kwanza nimelirudia mara nyingi kwa wanafunzi wangu tangu siku hiyo. Binti hakuwa mzembe. Alitumia somo la hisabati mahali ambapo namba si hesabu. Namba ya akaunti haijumlishwi wala haizidishwi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hali kadhalika namba ya simu, namba ya mwanachama, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kwenye safu ya NIDA tulikuta hatari kubwa zaidi iliyokuwa imelala. Namba hiyo ina tarakimu 20, na Excel hutunza kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba moja. Zinazobaki inazigeuza sifuri. Wanachama wote wapya walikuwa na namba za NIDA zinazoishia na sifuri tano. Benki haikuitumia safu ile katika malipo, ndiyo maana hakuna aliyelalamika, lakini siku chama kingeitumia kuhakiki wanachama, wangeonekana watu wasiokuwepo.

Saba yalikuwa ya majina, na haya yalinichukua muda mwingi kuliko mengine yote. Leja ya chama ilianza kuandikwa zamani, kila mtu kwa jina alilojitaja mwenyewe. Benki inafuata kitambulisho cha taifa. Mohamedi wa leja ni Muhamedi benki. Selemani ni Suleiman. Mwanamke aliyeandikwa chamani kwa jina la mumewe, benki anafahamika kwa jina la baba yake. Mmoja kwenye leja ameandikwa kama mama wa mwanawe wa kwanza, kwa kuwa kijiji kizima kinamwita hivyo.

Wengi wa hawa saba walikuwa wamelipwa bila shida misimu iliyotangulia. Iliwezekanaje? Karani wa zamani aliwajua kwa sura. Kila orodha ilipokuwa tayari aliipitia, akifika kwa fulani anabadilisha jina liwe kama la benki, kisha anaipeleka. Hakuiandika popote, wala leja haikuguswa. Alipopata kazi Masasi aliondoka, na elimu ile ikaondoka naye. Mzee mmoja mjumbe wa bodi aliniambia karani yule alikuwa “mtu wa kazi kwelikweli”, na ninakubali alikuwa na bidii na upendo kwa watu wake. Hata hivyo chama kilimtegemea yeye, hakikutegemea daftari, na binti aliyefuata alirithi leja yenye makosa bila kurithi marekebisho yake. Aliichapa kama ilivyo. Kwa kipimo cha mtihani wetu alistahili alama zote.

Matatu yalikuwa ya vikaratasi. Mkulima akaunti yake imelala kwa kukaa bila kutumika, amefungua nyingine, anapita chamani, anamkuta meneja chini ya mwembe, anampa namba mpya kwenye kipande kilichochanwa daftari la mtoto. Meneja anapokea, anaweka mfukoni, siku inaendelea. Tulipofika hapo meneja aliinuka bila kuambiwa, akaingia ndani, akavuta droo, akarudi na vikaratasi vimefungwa kwa raba. Viwili kati ya vitatu vilikuwemo. “Haya ni yangu,” alisema. Cha tatu hakikuonekana hadi leo; ikabidi mkulima arudi na kadi ya benki.

Na moja lilikuwa la marehemu. Mwanachama alifariki kabla ya msimu, watoto wakavuna, wakapeleka mzigo kwa jina la baba yao kwa sababu ndilo lililoko kwenye leja. Nitalirudia mwishoni.

Sita, saba, matatu, moja. Sehemu ya binti ilikuwa yale sita, na hata hayo alikuwa ameyaona na kuyasema. Mengine yalikuwapo kabla hajashuka kwenye basi.

Alipokataa kubandika

Kuna tukio ambalo meneja hakulitaja kwenye simu, nami nililisikia kwa mhasibu wa chama cha jirani. Siku malipo yaliporudi, meneja alitaka mambo yaishe haraka. Akamwagiza binti achape orodha yote, yenye majina, akaunti na namba za NIDA, aibandike ukutani ili kila mtu ajihakiki. Nia ilikuwa njema, na kubandika orodha ni desturi inayosaidia uwazi. Wanachama wana haki ya kuona kilo zao.

Binti alisita. Akamwambia, “Samahani mzee, namba za watu si za kuonwa na kila mpita njia.” Akapendekeza abandike namba ya mwanachama, jina na kilo, na anayetaka kuhakiki akaunti aingie ndani mmojammoja. Meneja alikasirika kwanza, baadaye akamwacha.

Alikuwa sahihi kwa kanuni ya kazi na kwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kusudi alilozikusanyia na azilinde. Msimu wa malipo ndio msimu wa matapeli wa simu huku kwetu. Mtu akijua jina lako kamili, benki yako na kwamba umeuza korosho, ana mtaji wa kutosha kukudanganya. Nilimuuliza binti alikolitoa wazo hilo. Akasema kwenye somo la taratibu za ofisi, mada ya siri. Mada hiyo tunaifundisha kwa siku chache, na wengi wetu tunaiona ya kujaza ratiba. Mtoto wa miaka 19 aliishika na kuisimamia mbele ya mtu mwenye umri wa baba yake, kwa adabu, bila kuinua sauti. Naliweka hili waziwazi kwa sababu walioniita walikuwa wanataka kujua ngazi ya kwanza inamfundisha mtu nini.

Tulivyorekebisha

Hatukununua programu. Tulinunua kaunta buku.

Ukurasa wa kwanza tuliandika: Rejista ya Mabadiliko ya Taarifa za Wanachama. Safu zake ni tarehe, namba ya mwanachama, taarifa ya zamani, taarifa mpya, uthibitisho uliooneshwa, aliyeleta, aliyepokea, na saini au dole gumba. Hakuna tena kikaratasi cha mfukoni: mkulima akimkuta meneja chini ya mwembe, meneja anamwelekeza mezani. Taarifa mpya haiingii kwa neno la mdomo. Inatoka kwenye kadi ya benki na kitambulisho. Vilevile hakuna kufuta ya zamani. Inabaki ikionekana, ili mwakani mtu mwingine akiuliza kwa nini jina limebadilika apate jibu bila kumtafuta karani aliyehama.

Kwenye kompyuta, safu za akaunti, simu na NIDA ziligeuzwa kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Kumbuka neno kabla: ukigeuza baadaye, sifuri zilizopotea hazirudi, itabidi uandike upya kutoka kwenye kadi. Pembeni binti aliweka safu yenye fomula ya LEN, inayohesabu tarakimu za kila akaunti. Iliyopungua inajionesha yenyewe hata katika orodha ya mamia.

Halafu kusomeana. Mmoja anashika kadi au fomu ya mkulima, anasoma kwa sauti tarakimu mojamoja. Mwingine anatazama orodha iliyochapwa na kuweka vema. Asomaye asiwe aliyechapa. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyookoa mnada uliofuata, maana ilikamata makosa mengine manne ambayo benki ingeyarudisha.

Nilikuwapo alipokuja yule bibi aliyeandikwa kwa jina la mwanawe.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hela yangu iko wapi?”

“Ipo bibi, haijapotea. Ilikwenda benki na jina la huku kijijini, benki hawalijui. Naomba kitambulisho chako.”

Bibi alifungua kitenge, akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa nailoni. Binti akamsomea jina kwa sauti, akamuuliza kama ndilo la baba yake, akaandika kwenye rejista, akamsomea tena alichoandika, ndipo akamshika kidole kwa upole kukiweka kwenye wino. Bibi akamuuliza meneja, “Huyu mtoto mnamlipa?” Hakuna aliyejibu. Wa fildi halipwi, ingawa baada ya hapo nilisikia bodi imempangia posho ya nauli na chakula.

Binti hakuondolewa. Hadi mnada wa nne, 16 kati ya wale 17 walikuwa wameshalipwa.

Ngazi ya kwanza ianzie wapi

Nilipowasimulia walimu wenzangu, mmoja alinipinga kwa hoja nzito. Alisema ngazi ya kwanza ina muda mfupi, vijana wanagawana kompyuta, Kiingereza kinawapiga chenga, na kuhakiki taarifa za malipo ni kazi ya mhasibu. Tusimbebeshe mtoto mzigo wa watu wazima.

Kuhusu wajibu nakubaliana naye. Orodha ile ilisainiwa na watu wawili wenye mamlaka, nao ndio wenye dhamana mbele ya wanachama na mbele ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kijana wa fildi asiachiwe kupeleka orodha ya malipo ambayo mwingine hajaipitia, na chuo kinapaswa kuliandika hilo kwenye barua ya kumpokea. Barua zetu za sasa zinasema tu “apewe kazi zinazohusiana na fani yake”, na logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi, inarudi imejaa “anaendelea vizuri” bila kutaja alichofanya. Karatasi moja yenye kazi anazoweza kufanya peke yake, kazi za kufanya na mwenzake na kazi asizopaswa kuzigusa ingemlinda yeye, na ingemlinda meneja, ambaye naye hakusomea uhazili wala ualimu. Amejifunza kwa kufanya, kama walivyo wengi katika vyama vya msingi.

Kuhusu muda sikubaliani. Kuhakiki hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji daftari, kalamu na mazoezi ya aina nyingine. Badala ya kumpa kijana barua safi aichape mara kumi, mpe stakabadhi 20 zenye dosari: majina mawili yanayofanana, akaunti iliyopungua tarakimu, tarehe ya siku ambayo ghala lilifungwa, kilo zilizokatwa na kuandikwa juu yake bila saini. Mwambie aandae orodha. Kisha usimpime kwa alichokichapa peke yake, mpime kwa maswali aliyorudi nayo. Aliyechapa mistari 20 bila swali amefeli zoezi hilo, hata kama hakukosea herufi. Aliyeleta mistari 14 na maswali sita ameanza kuwa karani.

Swali nalo lina namna yake, nalo lifundishwe. Binti alimwambia meneja “sifuri inapotea”, na meneja mwenye foleni mlangoni hakuelewa uzito. Angesema “mzee, akaunti hizi sita zimepungua tarakimu, benki itazirudisha, naomba nisimamishe hizi tu nyingine ziende”, naamini angesikilizwa. Kijana wetu amelelewa kutombishia mkubwa, na malezi hayo ni mema. Ndiyo sababu tumpe maneno ya heshima ya kusimamisha kazi yenye kosa, tuyafanyie mazoezi darasani, mmoja akiwa meneja mwenye haraka na mwingine karani. Mada ya mawasiliano ipo kwenye mtaala tayari, ila tunaitumia kufundisha kupokea simu.

Mkuu wa idara ameridhia tulijaribu zoezi la stakabadhi zenye dosari kwa wanafunzi watakaoingia Januari. Vitabu vya stakabadhi vya mfano tunavitengeneza wenyewe, kwa majina ya kubuni, na mhasibu mmoja wa ushirika amejitolea kutuonesha dosari anazokutana nazo mara nyingi ili tusibuni zisizokuwepo. Binti amerudi kwa ngazi ya pili.

Amebaki marehemu. Fedha zake ziko kwenye akaunti ya chama zimetengwa, na jalada lake lina nakala za stakabadhi, barua ya benki na maelezo ya watoto. Nyumba imekaa kikao cha ukoo, mjomba akiwa mwenyekiti, na imemteua binti mkubwa wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Walipoleta muhtasari wa kikao, jina la marehemu lilikuwa limeandikwa tofauti na la cheti cha kifo. Karani aliyepo sasa aliliona, akawarudisha wakarekebishe kabla hawajakwenda nao Mahakama ya Mwanzo.